Bunduki ya mzee: jinsi ya kupanga bei bila kujipunja wala kumkamua mnunuzi

Bunduki ya zamani ikibaki nyumbani baada ya mzee kufariki, bei yake huanza kupangwa matangani. Mmoja atasema iliangusha tembo wa Bunyoro, mwingine atakumbuka Mzungu aliyetaka kuinunua kwa ng'ombe kumi akakataliwa, na kabla arobaini haijafika kila mtoto ana hesabu yake kichwani. Hesabu hizo zina kasoro moja: zote zinathamini hadithi. Mnunuzi hulipia kile kinachoweza kuthibitishwa kwenye chuma, kwenye mbao na kwenye karatasi. Tena si kila mnunuzi, ila yule tu ambaye sheria inamruhusu kuipokea. Kwa hiyo bei ya haki ni ile unayoweza kuitetea mbele ya watu wawili: mnunuzi anayejua vitu, na dada yako anayeshuku umekula cha juu.

Nazungumzia bunduki za kuwindia zilizomilikiwa kihalali. Shotigani za mitutu miwili kutoka Birmingham, raifoli za Kiingereza za wanyama wakubwa, zile ambazo wazee wetu walizinunua au walirithishwa na waajiri wao. Uganda ilikuwa nazo nyingi. Idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1925, na kwa miaka mingi kuwinda kwa leseni, au kuua tembo waliokuwa wakila mashamba, lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1979 uwindaji ukapigwa marufuku, na uwindaji wa kitalii uliporudishwa kwa majaribio mwaka 2001 ulianzia eneo dogo tu kando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo. Bunduki nyingi zikakosa kazi zikabaki kabatini. Ndiyo maana leo zinaibuka katika mirathi, na warithi hawajui kama wameshika hazina au chuma chakavu.

SMG, yaani bunduki ya kivita, aliyoiacha mjomba baada ya vita haimo humu. Gobore lililofuliwa kijijini halimo pia. Hizo hazina bei, hata zikiwa na historia ndefu kiasi gani. Watu wa Karamoja wanajua vizuri, maana tangu Julai 2021 operesheni iliyopewa jina la Usalama kwa Wote imekuwa ikizikusanya. Ukiikuta silaha ya namna hiyo, mwite mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na polisi, usiibebe mwenyewe barabarani.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya bei

Sheria ya silaha za moto ya Uganda ni ya mwaka 1970, na msingi wake ni mwepesi kueleza: huwezi kununua, kupokea wala kukaa na bunduki bila cheti chako mwenyewe, yaani leseni. Leseni ni ya mtu, haiifuati bunduki inapokwenda. Mzee akishafariki, leseni yake haikulindi wewe, hata kama ulikuwa ukimsafishia bunduki hiyo tangu utotoni.

Basi mambo mawili yaende pamoja. Kwanza, ripoti kituo cha polisi, bunduki iwekwe chini ya ulinzi wao, na upewe hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha. Usikubali karatasi iliyoandikwa "bunduki moja ya zamani". Namba lazima ionekane. Pili, upate barua za usimamizi wa mirathi. Bila hizo huna mamlaka ya kuuza hata kiti cha marehemu, seuze silaha.

Ukiwa kituoni, uliza maswali matatu kabla hujafikiria shilingi hata moja. Je, bunduki hii inaweza kuhamishiwa kwa mtu binafsi? Mpokeaji anatakiwa awe na nini? Na je, alama zake zimeshachukuliwa? Serikali iliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za kipekee, kama vidole vya mtu, baada ya wimbi la mauaji ya watu mashuhuri mjini Kampala, na bunduki ambayo haijapitia huko itamchelewesha mnunuzi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuambia kama una bidhaa ya kuuza au la. Nimeona watu wakibishana kuhusu milioni mbili au tatu juu ya kitu ambacho hakingeweza kuhamishwa kwa mtu yeyote.

Na usidanganywe na umri. Utasoma kwamba Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya kale, na kwamba Uingereza wana orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, na sharti la kutengenezwa kabla ya Septemba 1939. Hizo ni sheria za huko. Hapa, chukulia kwamba inahitaji leseni mpaka mwenye mamlaka akuambie vinginevyo kwa maandishi.

Hatua ya pili: ijue ni nini hasa

Mwombe fundi wa ghala la silaha la polisi aifungue na kuhakikisha haina risasi. Kisha, mbele yake, nakili kila herufi na kila alama unayoiona, na upige picha. Usitafsiri, usikisie, nakili tu.

Jina la mtengenezaji kwa kawaida liko juu ya mtutu au ubavuni. Chini yake mara nyingi kuna anwani ya duka, na anwani hiyo ni saa nzuri ya kupimia umri, kwa sababu maduka yalihama. Rigby wa London, kwa mfano, walikuwa 72 St James's Street kabla ya kuhamia 43 Sackville Street. Bunduki yenye anwani ya pili haiwezi kuwa ya miaka ya 1880, hata babu aape vipi.

Ukubwa wa risasi ndio unaofuata. Ukiona .275, .318, .375, .404 au .416 kwenye raifoli ya Kiingereza, tulia. Hizo zinaweza kuwa na thamani. Holland & Holland walileta .375 yao ya Magnum mwaka 1912, Rigby wakaleta .416 mwaka 1911, na .404 ya Jeffery ilipendwa na idara za wanyamapori katika nchi nyingi za Afrika. Ukiona .303 kwenye raifoli nyepesi ya kuwindia iliyotengenezwa na BSA, kiwanda cha Birmingham, hiyo ni nzuri lakini zilikuwa nyingi mno. Na shotigani ya geji 12 kutoka Birmingham yenye jina la duka lisilojulikana ndiyo utakayoikuta mara nyingi kuliko zote. Uingereza kwenyewe shotigani za kawaida za aina hiyo huuzwa mnadani kwa pauni mia chache, wakati mwingine chini ya hapo. Ni vigumu kuiambia familia jambo hili. Liseme mapema.

Tazama pia mihuri ya majaribio chini ya mitutu. Bunduki za Uingereza zilipimwa London au Birmingham, na mihuri huonyesha zilipimwa kwa baruti ya aina gani. Mtutu wa zamani wenye mabaka kama mawimbi, uliosokotwa kwa vipande vya chuma na kupimwa kwa baruti nyeusi pekee, haufai kwa risasi za leo. Hata mtutu wa chuma cha kawaida unaweza kuwa na chemba fupi ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za dukani sasa ni za milimita 70; ukizitumia humo mgandamizo unapanda kupita kiasi. Mnunuzi anayetaka kitu cha kutumia atakata bei hapo, na ana haki. Anayetaka kuning'iniza ukutani hatajali sana.

Hatua ya tatu: hali yake, na mkono wa fundi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na mara nyingi hupotea kwa nia njema. Mrithi anaona chuma kimefifia, anapiga msasa. Anaona kitako kimechubuka, anakipaka vanishi. Kisha anashangaa mnunuzi anaondoka. Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, ni hodari kwa mageti, majiko na mashine za kusaga, lakini bunduki ya kukusanywa ikishapita kwenye brashi ya waya, kilichokuwa na thamani kimeshafutwa: herufi zimelainika, nakshi imepungua, rangi ya awali ya chuma imekwisha. Wakusanyaji wanataka uzee wa kweli kuliko upya wa bandia. Mbali na hilo, kumpa fundi asiye na kibali silaha aitengeneze ni kosa la kukupeleka mahakamani.

Kwa hiyo usiguse kitu. Andika tu unachokiona, kwa mpangilio huu.

Ndani ya mtutu, kwa tochi. Kwa raifoli, tazama kama michirizi ya ndani ina kingo kali au imelika. Risasi za .303 za zamani zilikuwa na baruti iliyowaka kwa joto kali, iliyokula chuma taratibu, na viwashio vyake viliacha chumvi inayovuta unyevu. Mwindaji aliyekaa karibu na Ziwa Victoria na asiyeosha mtutu jioni ileile alikuwa anaula mwenyewe. Vishimo vya kutu vichache si msiba, lakini mtutu uliokwanguka wote ni nusu ya bei.

Mafungio. Kwa shotigani ya mitutu miwili, shika kitako na utikise taratibu: mitutu ikicheza kwenye bawaba, imechoka. Mwombe fundi aitoe mitutu, aining'inize na kuigonga kidogo. Mlio mrefu ni mzuri, mlio mfu maana yake pengine ubavu unaoiunganisha umeachia. Skrubu nazo zitazame vizuri. Mifereji yake ikiwa imetafunwa, mtu aliwahi kuifungua bila ujuzi, na mnunuzi mzoefu ataanza kuuliza ni nini kingine kilichofanyika ndani.

Namba. Raifoli ina namba kwenye kichwa chake na mara nyingi kwenye komeo pia. Zikilingana, sema. Zisipolingana, sema hivyohivyo. Mnunuzi atagundua, na afadhali alisikie kutoka kwako.

Mbao. Nyufa nyuma ya kifyatulio, pale kitako kinapokuwa chembamba, ni kasoro kubwa. Kitako kilichokatwa kimfae kijana wa nyumbani pia kinapunguza bei, ingawa kwa familia hiyo ndiyo kumbukumbu tamu kuliko zote.

Kama kuna sanduku la ngozi, vifaa vya kusafishia, au kitambulisho cha duka, vitunze pamoja. Sanduku la awali lenye lebo ya mtengenezaji laweza kuongeza bei kuliko unavyodhani.

Hatua ya nne: hadithi iwe na karatasi

Mtu yeyote aliyesoma habari za uwindaji wa Uganda anamjua W. D. M. Bell, Mskoti aliyezunguka Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa raifoli ndogo ya .275 ambayo wengine waliidhania haifai hata kwa nyati. Kwa sababu yake, kila .275 ya Rigby hapa kwetu "ilikuwa ya Bell". Raifoli yenye uthibitisho kwamba ilikuwa yake ni kitu kimoja. Pacha wake, aliyetoka kiwanda hichohicho mwaka huohuo, ni kitu kingine kabisa.

Uthibitisho ni nini? Rigby na Holland & Holland walitunza vitabu vya mauzo, na kwa ada unaweza kuomba barua inayoonyesha bunduki yenye namba fulani iliuzwa lini na kwa nani. Kwa shotigani ya kawaida ada hiyo haitarudi. Kwa raifoli ya wanyama wakubwa, mara nyingi itarudi na faida. Hapa nyumbani, tafuta leseni za zamani za kuwinda, cheti cha silaha cha mzee, risiti ya duka, picha yake akiwa ameshika bunduki hiyo, barua ya mwajiri. Picha ni nzuri sana kama alama fulani ya kitako inaonekana ndani yake.

Hadithi isiyo na karatasi isimulie, kwa maana ni haki ya mzee kusimuliwa, lakini usiitoze hata shilingi.

Kitu kimoja zaidi: baadhi ya raifoli za zamani zina chembe ya pembe kwenye kilengeo cha mbele. Ikiwa ni pembe ya ndovu, biashara ya kuvuka mipaka inaingia kwenye masharti ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, na mnunuzi wa nje atalazimika kushughulikia kibali kingine. Mwambie kabla hajalipa.

Hatua ya tano: sakafu na dari

Sasa ndipo tufanye hesabu. Watu wengi hufungua simu, wakaona bunduki inayofanana inatangazwa kwa dola elfu nane, wakaishika bei hiyo kama andiko. Bei inayotangazwa ni ombi tu. Tafuta zile zilizokwisha kuuzwa: nyumba za minada kama Holt's au Bonhams za Uingereza, na Rock Island ya Marekani, huchapisha matokeo. Chukua mauzo kadhaa ya bunduki ya mtengenezaji yuleyule, risasi ileile na hali inayokaribiana na yako. Itupe ile ya juu kabisa, maana huenda ilikuwa ya mtu maarufu, na ile ya chini kabisa, maana huenda ilikuwa mbovu. Zilizobaki ndizo soko.

Kisha kumbuka kwamba wewe uko Uganda, haupo London. Tuseme, kwa mfano tu, soko la huko linaonyesha shilingi milioni 3 kwa bunduki kama yako.

Ukiipeleka huko kwa vibali vyote, mnada utakata kamisheni, tuseme asilimia 15, yaani 450,000. Wakala mwenye leseni ya kusafirisha silaha, tuseme 1,200,000. Vibali, barua na safari za kwenda Kampala na kurudi, 300,000. Unabakiwa na 1,050,000. Hiyo ndiyo sakafu yako: chini yake, ni heri kuipeleka nje.

Mnunuzi wako wa hapa naye, akitaka bunduki ya namna hiyohiyo kutoka huko, atalipa milioni 3 za nyundo, yaani bei inayofikiwa mnadani, juu yake ada ya mnunuzi ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 20 na 30, tuseme 750,000, kisha usafiri na vibali vya kuingiza, tuseme 1,500,000. Jumla 5,250,000. Hiyo ndiyo dari yake: juu yake, ni heri aagize.

Bei ya haki iko mahali fulani kati ya 1,050,000 na 5,250,000, na hapo ndipo akili ya muuzaji inapohitajika. Wenye cheti na hamu ya bunduki za zamani ni wachache nchini, kwa hiyo hali inaelemea upande wa mnunuzi. Binafsi ningeanza kutaja 3,500,000 na kuwa tayari kushuka hadi milioni 2 na nusu hivi kwa bunduki isiyo na kasoro iliyofichika. Kama mtutu umelika, namba hazilingani na sanduku halipo, usijidanganye, anza chini ya milioni 2. Na kama una barua ya kitabu cha mtengenezaji, panda bila aibu.

Njia hii ina uzuri wake kwa familia. Badala ya kusema "mimi nimeona inafaa milioni mbili na nusu", unaweka karatasi mezani: hii sakafu, hii dari, hizi kasoro. Ndugu anayetaka milioni kumi aonyeshe mnunuzi wa milioni kumi mwenye cheti. Ukitaka, ongeza maoni ya mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, lakini umlipe kwa kutathmini tu, na asiwe yeye anayeinunua.

Hatua ya sita: kuuza

Usiitangaze hadharani kwa picha na anwani ya nyumbani. Wezi nao wanasoma. Pitia kwa wafanyabiashara wenye leseni au kwa watu mnaofahamiana ambao wana vyeti, na umuombe kila anayeuliza akuonyeshe cheti chake kabla ya kuiona bunduki. Uonyeshaji ufanyike ilipotunzwa, mbele ya afisa.

Mazungumzo hayatatofautiana na ya soko lolote. Kijana atasema, "Mzee, nipe bei ya mwisho." Usimpe bado. Mjibu: "Mwanangu, kwanza niambie umeona kasoro gani." Kasoro anazozitaja ambazo tayari umeziandika zimeshaingia kwenye bei yako, mwonyeshe karatasi. Anayoitaja ambayo hukuiona, kubali kushuka kidogo, ametoa huduma. Anayetafuta punguzo kwa sababu "siku hizi watu hawana pesa" hajataja kasoro yoyote.

Mkikubaliana, andikeni mkataba kabla pesa haijatembea. Utaje mtengenezaji, ukubwa wa risasi, namba zote, vifaa vinavyoambatana, bei, na hali kama mlivyoikubali. Utaje pia kitu ambacho watu husahau: nini kitatokea iwapo mnunuzi atanyimwa kibali. Maombi hupita kwenye ngazi kadhaa, kuanzia LC hadi kwa mkuu wa polisi wa wilaya na juu zaidi, na yanaweza kuchukua muda mrefu. Malipo ya awali yawe madogo, yarudishwe yote akikataliwa, ukitoa tu gharama mlizokubaliana. Salio lipite benki siku ya makabidhiano, na makabidhiano yafanyike kituoni baada ya idhini kutoka, kamwe si nyumbani wala kwenye maegesho ya hoteli. Ndugu mmoja zaidi awepo kama shahidi, hasa yule aliyelalamika zaidi.

Risasi zilizobaki kwenye droo ya mzee hazimo kwenye bei. Zipeleke polisi pamoja na bunduki tangu siku ya kwanza. Nyingine zina umri mkubwa kuliko wewe, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayezifyatua.